Mwanangu alisimamishwa usiku Texas akaambiwa asimame kwa mguu mmoja: walikuwa na haki?

Swali: Mimi ni mama wa watoto watano, nakaa Katuba hapa Lubumbashi. Mwanangu wa tatu alipata loterie ya viza ya Marekani, sasa ana miaka minne Fort Worth, Texas, anafanya kazi ya bohari usiku. Jumamosi iliyopita alitoka kwenye ndoa ya Wakongo wenzake, polisi akamsimamisha kwa sababu gurudumu liligusa mstari wa barabara. Akamuuliza kama amekunywa, mwanangu akajibu bia mbili. Akamfuatisha kalamu kwa macho, akamtembeza juu ya mstari kama mwendawazimu, kisha akamwambia asimame kwa mguu mmoja. Mwanangu ana chuma mguuni tangu ajali ya pikipiki aliyoipata hapa. Akayumba, wakamfunga pingu. Kituoni wakamwambia apulize kwenye mashine, akakataa. Wakachukua permi yake ya kuendesha, wakampa karatasi. Barabarani hakuna aliyemsomea haki zake kama tunavyoona kwenye filamu. Je, walikuwa na haki? Watamrudisha Kongo? Na mdogo wake anayeendesha taksi hapa Lubumbashi, ba roulage, polisi wa barabarani, wakimshika wakasema amelewa, afanye nini?

Jibu:

Mama, kabla sijajibu swali hata moja, chukua simu umpigie mwanao. Muulize karatasi aliyopewa kituoni ina tarehe gani. Sheria ya Texas inampa siku 15, tangu alipokabidhiwa karatasi ile, za kuomba kikao cha kuitetea permi yake. Ni siku za kalenda, Jumapili zikiwamo. Zikipita kimya, permi inafungwa yenyewe kuanzia siku ya 40, na kwa aliyekataa kupuliza mara ya kwanza inafungwa siku 180. Kijana wa kazi ya usiku katika mji kama Fort Worth, akikaa miezi sita bila gari, kazi imekwenda. Tangu Jumamosi ile mpaka barua yako inanifikia, karibu nusu ya siku hizo imeshaliwa. Haya mengine utayasoma ukishakata simu.

Karatasi hiyo watu huidharau kwa sababu inafanana na risiti. Inaitwa DIC-25 na ina kazi mbili: inamwarifu kwamba permi itasimamishwa, na yenyewe ni permi ya muda inayomruhusu kuendesha mpaka siku ile ya 40. Akiomba kikao ndani ya muda, anaendelea kuendesha mpaka uamuzi utoke. Kikao chenyewe kina faida nyingine ambayo mawakili wazuri hawaiachi: polisi aliyemkamata anaweza kuitwa ahojiwe chini ya kiapo, mapema, kabla kesi ya jinai haijafika mbele ya jaji, na anachokisema siku hiyo kinaandikwa. Hizi ni kesi mbili, Mama, ya permi na ya jinai. Mtu anaweza kushinda moja akashindwa nyingine.

Mimi nilikaa Texas miaka saba nikiwatafsiria mawakili wa kesi za jinai Kiswahili na Kifaransa, kabla ya kurudi Lubumbashi kuvaa joho la avoka, yaani wakili. Nimekaa saa nyingi mbele ya video za kamera wanazovaa polisi kifuani, nikisikiliza Mkongo mwenzangu anaambiwa nini na anajibu nini. Nakuambia pia mapema, ili usinielewe vibaya: sitetei pombe na usukani. Nimemzika mtoto wa dada yangu aliyegongwa kwenye njia ya Likasi na dereva aliyekuwa ametoka baa. Lakini mtu kukamatwa si kusema amelewa, na kazi yangu ni kukueleza tofauti hiyo inapatikana wapi.

Tuanze na yale mazoezi. Hayakubuniwa na yule polisi ili amdhalilishe mwanao. Katika miaka ya 1970, idara ya serikali kuu ya Marekani inayoshughulika na usalama wa barabara, NHTSA, iliwapa watafiti wa California kazi ya kutafuta ni vipimo gani vya kando ya barabara vinavyoweza kumtambua mlevi. Ripoti zao za 1977 na 1981 ndizo zilizoacha vipimo vitatu ambavyo polisi wa nchi nzima wanafundishwa mpaka leo. Cha kwanza ni kalamu: pombe inafanya mboni irukeruke inapofuata kitu pembeni, jambo ambalo mtu hawezi kulizuia wala kulijifunza. Madaktari wanaliita nistagmasi. Polisi anatafuta ishara sita, tatu kwa kila jicho, na nne zinamtosha. Cha pili ni hatua tisa kisigino kwa vidole juu ya mstari, kugeuka kwa namna maalumu, na hatua tisa za kurudi. Ishara ziko nane, mbili zinamtosha. Cha tatu ni mguu mmoja: unainua mguu kiasi cha sentimita 15, unahesabu kwa sauti mpaka uambiwe acha, na polisi anapima sekunde 30. Ishara ni nne, na hapo pia mbili zinatosha.

Angalia hesabu hiyo vizuri. Mtu aliyeinua mikono kidogo kujisawazisha na akayumba kidogo ameshafikisha mbili. Hakuanguka, hakutapika, hakutukana mtu. Uchunguzi uliofanywa San Diego mwaka 1998, unaotajwa sana na waendesha mashtaka, ulikuta kwamba kalamu ilipatia kwa asilimia 88, kutembea 79 na mguu mmoja 83. Namba hizo ni nzuri kwa kumtazama mtu tu barabarani, lakini 79 maana yake ni kwamba katika kila watu mia, 21 waliwekwa upande usio wao, na hapo polisi walikuwa wamefunzwa na walijua wanachunguzwa. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachopima pombe. Vinapima macho, magoti, sikio la ndani na usikivu, halafu polisi anakisia pombe. Mahakama ya Rufaa ya Jinai ya Texas ilisema mwaka 1994, katika kesi ya Emerson, kwamba kipimo cha macho kinakubaliwa kama ushahidi wa ulevi, ila polisi haruhusiwi kukitumia kusema damu ya mtu ilikuwa na pombe kiasi gani.

Na mguu wa mwanao? Mafunzo yenyewe ya polisi yanasema kwamba wenye zaidi ya miaka 65, wenye matatizo ya mgongo, miguu au sikio la ndani, na waliozidi uzito kwa pauni 50, yaani kama kilo 23, wanapata shida kusimama kwa mguu mmoja hata bila tone la pombe. Polisi anatakiwa kuuliza. Swali ambalo wakili wake lazima alipatie jibu kwenye video ni hili: aliulizwa kama ana tatizo la mwili? Na kama aliulizwa, alielewa?

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipowaona watu wetu wakipotea.

Kipimo cha kutembea kina ishara moja inayoitwa kuanza kabla ya wakati. Polisi anakusimamisha mguu mmoja mbele ya mwingine, mikono chini, anaanza kueleza huku akionyesha kwa miguu yake. Ukianza kutembea kabla hajamaliza, umeshapata alama ya kwanza ya ulevi. Sasa fikiria kijana aliyelelewa Katuba. Mkubwa anamwonyesha jambo: yeye anaanza mara moja, ndiyo heshima, ndiyo kuonyesha kwamba amesikia. Nimeona video ambazo kijana wetu anaanza mara mbili, mara tatu, polisi anamrudisha, na kila mara anasema samahani kwa upole wote. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba hakuweza kufuata maelekezo.

Kwenye kalamu pia, mtu anaambiwa asitikise kichwa, afuate kwa macho peke yake. Sisi tumefundishwa kutomkodolea macho mtu mwenye mamlaka. Kijana anageuza kichwa chote na kushusha macho. Nalo linaandikwa.

Halafu kuna neno lililowaumiza wengi kuliko yote, nalo ni ndiyo. Polisi anauliza, umeelewa? Kijana anajibu ndiyo, ndiyo bwana. Hakuelewa nusu. Alisema ndiyo kwa sababu kusema hapana kwa mtu mwenye bunduki, saa nane usiku, ni kama kumtukana. Vipimo hivi vina thamani endapo tu aliyepimwa ameelewa maelekezo, na maelekezo ya kutembea peke yake ni marefu kama barua. Mwanao ana miaka minne huko na anafanya kazi ya bohari, kwa hiyo Kiingereza chake ni cha kazini. Wakili aisikilize video pamoja na mkalimani wa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, wala asitosheke na kuitazama bila sauti. Kesi moja niliyofanya ilibadilika kabisa pale tulipoonyesha kwamba kijana alikuwa akihesabu kwa Kiswahili vizuri kabisa, moja mpaka ishirini na tano, na polisi aliandika kwamba alikuwa akinung'unika maneno yasiyoeleweka.

Sasa haki. Kwanza, kusimamishwa kwenyewe. Polisi wa Texas hawezi kumsimamisha dereva kwa kubahatisha, anahitaji sababu anayoweza kuieleza. Tena katika jimbo hilo vizuizi vya kupima ulevi vya kusimamisha kila gari havifanyiki: Mahakama Kuu ya Marekani ilivikubali mwaka 1990 katika kesi ya Sitz kutoka Michigan, lakini mahakama ya Texas ilisema visiendeshwe bila mpango uliowekwa na jimbo, na mpango huo haujawekwa. Sababu aliyopewa mwanao ni gurudumu kugusa mstari. Mama, mwambie wakili asome kesi ya State v. Hardin ya mwaka 2022. Mahakama ile ile ya Rufaa ya Jinai iliamua kwamba gurudumu kugusa mstari kidogo, bila kumhatarisha mtu yeyote, hakuvunji sheria ya kubaki kwenye njia yako. Kama njia ilikuwa tupu na gari liligusa mara moja likarudi, kuna hoja ya kweli kwamba kila kilichopatikana baada ya hapo kitupwe nje. Kama aliyumba mara kadhaa, hoja hiyo inadhoofika. Video ya gari la polisi itasema.

Pili, kusomewa haki. Filamu zimetudanganya. Yale maneno ya kwamba una haki ya kunyamaza yanatokana na kesi ya Miranda ya 1966, na yanahusu mtu aliye kizuizini anayehojiwa. Mwaka 1984, katika kesi ya Berkemer, Mahakama Kuu ilisema dereva aliyesimamishwa kandokando ya barabara kwa kawaida bado hajawa kizuizini. Kwa hiyo walichomuuliza kabla ya pingu kinaweza kutumika, hata kama hakusomewa chochote. Baada ya pingu, mambo yanabadilika. Lakini haki ya kunyamaza ilikuwa yake tangu dirisha la gari liliposhushwa, hata kama hakuna aliyemkumbusha. Alilazimika kutoa permi na karatasi za bima, na kushuka garini alipoambiwa ashuke. Hakulazimika kusema ametoka wapi wala amekunywa nini.

Na zile bia mbili. Karibu kila dereva anayesimamishwa husema bia mbili. Polisi amezoea kusikia mbili, na moyoni anaandika nne. Kwetu kuna shida ya ziada: bia ya Marekani inayohesabiwa kama moja ni mililita 355 yenye asilimia 5, sawa na gramu 14 za pombe halisi. Chupa kubwa ya Simba tuliyozoea inakaribia kuwa maradufu ya hiyo. Mtu wetu akisema mbili kwa kipimo cha nyumbani, mwili wake umebeba karibu nne kwa kipimo cha huko. Na mwili unaondoa pombe polepole, kiasi cha asilimia 0.015 ya damu kwa saa, kahawa haiharakishi, wala kuoga, wala kula ugali usiku. Kikomo cha Texas ni 0.08, na anayeendesha lori la kibiashara anakatiwa kwa 0.04. Tena usimwache mtu amdanganye kwamba chini ya 0.08 uko salama: sheria ya Texas inasema pia kuwa mlevi ni yule ambaye pombe au dawa imempotezea matumizi ya kawaida ya akili au mwili wake. Ndiyo maana yale mazoezi yana uzito hata pasipo namba.

Angeweza kukataa yale mazoezi? Ndiyo, Mama. Huko Texas mazoezi ya barabarani ni ya hiari, na kuyakataa hakufungi permi. Polisi hatakuambia hivyo, naye anaweza kukukamata kwa harufu, macho mekundu na maneno yako, na mwendesha mashtaka anaweza kuwaambia wananchi sita wa juri kwamba ulikataa kwa sababu ulijua. Hata hivyo, kwa mtu mwenye chuma mguuni, jibu la adabu lilikuwa hili: bwana, mguu wangu ulivunjika, una chuma, siwezi kufanya zoezi hili. Halafu anyamaze. Hilo linabaki kwenye video.

Mashine ya kituoni ni jambo jingine kabisa, na watu huvichanganya. Kwa kuchukua permi ya Texas na kuendesha kwenye barabara zake, dereva anahesabiwa kwamba amekubali kupimwa pumzi au damu akikamatwa kihalali kwa ulevi. Anaweza kukataa, ila kukataa kuna bei: zile siku 180 badala ya 90 ambazo angepata kwa kupima na kuzidi kikomo. Kabla ya kuamua hana haki ya kumsubiri wakili. Na kukataa hakumalizi jambo. Polisi anaweza kwenda kwa jaji usiku huo huo, kwa simu au kompyuta, akapata kibali cha kutoa damu, na wikendi nyingi za sikukuu majaji wanakaa macho kwa kazi hiyo. Tangu kesi ya McNeely ya 2013 na ya Birchfield ya 2016, kwa kawaida damu haichukuliwi kwa nguvu bila kibali, ilhali pumzi inaweza kupimwa baada ya kukamatwa bila kibali. Muulize mwanao kama walimchoma sindano. Vijana huona aibu kusema hivyo kwa mama zao. Kama walimchoma, walikuwa na kibali cha jaji au la? Kama hawakumchoma, kesi ya jinai haina namba ndani yake, imebaki na video na maneno, na hapo mguu wake unakuwa kila kitu.

Mimi namshauri kila mtu wangu asiendeshe kabisa akishaonja, hata moja. Lakini kwa aliyejikuta kituoni, sitasema kwamba kukataa ni werevu au ni ujinga. Inategemea alichokunywa, na yeye peke yake ndiye anayejua.

Kuhusu kurudishwa Kongo. Kosa la kwanza la ulevi kwenye usukani, lisilo na ajali, mtoto garini wala namba ya 0.15, Texas huliweka katika makosa madogo: jela isiyozidi siku 180 na faini isiyozidi dola 2,000. Juu ya hapo jimbo hutoza dola 3,000 kwa anayehukumiwa. Kwa uhamiaji, Mahakama Kuu ilisema mwaka 2004 katika kesi ya Leocal kwamba kuendesha mlevi, hata ukimjeruhi mtu kwa uzembe, si kosa la matumizi ya nguvu la kumfukuzisha mkazi. Kwa hiyo mwenye kadi ya kijani aliyeipata kwa loterie hafukuzwi kwa kosa moja la namna hii peke yake. Asilichukulie hivyo kuwa dogo. Ombi lake la uraia litatazamwa kwa jicho kali, kwa sababu anatakiwa kuonyesha mwenendo mwema kwa miaka mitano, na uamuzi wa mwaka 2019 wa kesi ya Castillo-Perez uliwafanya wenye hukumu mbili au zaidi za ulevi wahesabiwe kuwa hawana mwenendo huo, mpaka wathibitishe vinginevyo. Kama kulikuwa na dawa za kulevya garini, au mtoto, hali ni tofauti na mbaya.

Hapa kuna mtego ninaotaka aufahamu. Tangu Septemba 2019 Texas inaruhusu baadhi ya watuhumiwa wa mara ya kwanza kukiri kosa, kutumikia muda wa uangalizi, na kumaliza bila hukumu. Wakili mwenye haraka atamwambia: kubali hii, utatoka safi. Kwa raia wa Marekani inaweza kuwa kweli. Kwa mgeni, sheria ya uhamiaji inahesabu kukiri pamoja na adhabu yoyote kuwa ni hukumu kamili, jaji wa Texas aiite atakavyo. Tangu kesi ya Padilla ya 2010, wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja mgeni matokeo ya uhamiaji kabla hajakiri. Mwanao aulize swali hilo kwa maneno wazi, na asitie sahihi popote bila wakili wa uhamiaji kuiona karatasi. Asisafiri kuja kukuona kabla kesi haijaisha, hata kukiwa na msiba.

Tuje nyumbani, kwa mdogo wake. Hapa hakuna kalamu wala hatua tisa. Barabara zetu ziko chini ya sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, lakini kwenye PV, yaani taarifa za maandishi za polisi, za kesi nilizoshika, mara nyingi nilichokikuta ni sentensi moja: anatoa harufu ya pombe. Harufu haipimi chochote. Aliyeonja Simba moja na aliyemaliza sita wananuka sawa, na mwenye kisukari aliyezidiwa anaweza kupepesuka na kutoa pumzi yenye harufu ya ajabu bila kugusa chupa. Kijana wako akidaiwa amelewa na hakunywa, aombe apelekwe kwa daktari usiku ule ule, mbele ya mashahidi, tena aombe iandikwe kwamba aliomba. Kesho asubuhi haina maana, pombe itakuwa imeshaondoka mwilini au itakuwa rahisi kusema imeondoka.

Nguvu yake kubwa iko kwenye Katiba ya 18 Februari 2006, na wengi wanaobeba permi mfukoni hawaijui. Kifungu cha 18 kinasema aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, katika lugha anayoielewa, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Aambiwe haki zake, na aruhusiwe kuwasiliana na ndugu au avoka wake. Kasho ya polisi, yaani kuwekwa mahabusu, haiwezi kuzidi saa 48: zikiisha aachiwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Kifungu cha 19 kinampa haki ya avoka hata katika hatua ya polisi. Cha 17 kinasema ni mtu asiye na hatia mpaka hukumu ya mwisho.

Aseme hayo kwa sauti ya chini, bila kupandisha mabega. PV ikiandikwa kwa Kifaransa, asomewe kwa Kiswahili kabla ya sahihi, na pale asipokubaliana aandikishe kwamba hakubaliani. Asitoe noti dirishani. Najua ni rahisi kwangu kusema, na najua saa sita usiku Kamalondo kuna nini. Lakini ile noti ndiyo inayomfundisha askari kwamba kesho atanusa pombe hata kwa dereva aliyekunywa maji, na dereva aliyelewa kweli ananunua nayo ruhusa ya kuendelea kuendesha. Yule aliyemuua mtoto wa dada yangu alikuwa amepita kizuizi kimoja kabla.

Nimalize na kazi yako wewe, Mama, kwa maana hii hakuna wakili wa Fort Worth anayeweza kuifanya. Nenda hospitali alikofungwa chuma. Omba faili lake, ripoti ya upasuaji, na picha za radio (eksirei) za mguu, zenye tarehe. Kama picha ziko kwako kabatini, zitoe, usizikunje, zipigwe picha dhidi ya mwanga wa dirisha na zitumwe leo, za asili zifuate kwa mtu anayesafiri. Ripoti ya Kifaransa itatafsiriwa huko na mtafsiri anayethibitisha kazi yake kwa maandishi. Naye mwanao aende kwa daktari wa Texas wiki hii, apigwe radio upya, apimwe anaweza kusimama kwa mguu ule sekunde ngapi akiwa hajanywa kitu.

Na kabla hujatuma, tazama jina lililoandikwa juu ya picha hizo. Hospitalini kwetu mtu huandikwa kwa jina aliloitwa siku ile, mara nyingine la baba peke yake, na pasipoti ina majina matatu. Kama hayalingani, anza kesho asubuhi ofisi ya komini upate hati inayothibitisha kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, maana mwendesha mashtaka atakuwa wa kwanza kuuliza huo ni mguu wa nani.